Taa ya Tatu

Taa tisa ziliwaka na tatu zikakataa, na mimi sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa mhadhiri wa fizikia katika chuo kimoja Eldoret, miaka ile ya chama kimoja, na kulikuwa na mgeni anakuja kutoka ng'ambo, mtaalamu wa darubini za angani zinazonasa eksirei za nyota. Akiridhika na kazi yangu, angenichukua nikasomee katika maabara yake.

Darubini hizo hutumia vihisi vingi vilivyopozwa mpaka umeme upite ndani yake bila kizuizi. Eksirei moja ikigonga kihisi, kinapata joto kidogo tu na umeme unayumba. Shida ni nyaya. Kila waya huingiza joto, na ukikipa kila kihisi nyaya zake, baridi yote imekwisha. Basi nikatengeneza mfano: vipande kumi na viwili vya kauri nilivyochoma mwenyewe kwenye tanuri, vinasomwa kwa zamu kupitia nyaya mbili tu. Kila kipande kilikuwa na taa yake mezani, iliyowaka pale tu kipande kilipopitisha umeme bila kizuizi.

Baridi niliipata kwa bwana wa kupandisha ng'ombe, aliyezunguka mashamba ya Kiplombe na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kuliko barafu. "Madam, hii ni ya kuweka mbegu za fahali," alinung'unika, "lakini chukua. Usinimalizie tu." Yeye peke yake ndiye aliyenisaidia, na hakuwa na digrii.

Mkuu wa idara, ambaye beji ya chama haikubanduka kifuani hata Jumamosi, aliziangalia zile taa tatu akakunja uso.

"Madam, sasa mgeni ataona nini? Hapa kwetu kila kitu ni asilimia mia."

Nikamweleza kwamba vile vitatu vilivyokufa ndivyo vinavyoonyesha kwamba tunasoma kila kimoja peke yake. Akacheka, akaenda zake.

Siku ya mgeni, taa zote kumi na mbili ziliwaka. Nilidhani baridi imezidi na vipande vimepona. Nilifurahi, mjinga mimi! Mgeni akatazama kwa makini, kisha akaniomba nitoe kipande cha tatu, kimoja cha vile vilivyokuwa vimekufa. Nikakitoa kwa koleo na kukiinua juu. Taa yake ikaendelea kuwaka.

Niliufuata waya wa taa ile kwa macho. Ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye betri chini ya meza, na kazi hiyo ya ovyo haikuwa yangu. Mgeni naye aliufuata.

"Mimi sikuunganisha hii," nikasema kwa hasira. "Jana zilikuwa tisa!"

Mgeni akafunga daftari lake, akaniambia kwa upole kwamba kushindwa hakumsumbui, ila udanganyifu hawezi kuuvumilia. Aliniambia mimi! Na mkuu, pale pembeni yake, akatikisa kichwa kukubali.