Ndoo Moja kwa Jumapili Nzima

Mke wangu Hilaria alikufa mwezi wa tatu, kwa ugonjwa wa mapafu. Tangu hapo sanduku langu la kupigia picha lilikaa chini ya kitanda, miguu yake mitatu imefungwa kamba. Miaka arobaini na moja nilisimama nalo uwanjani, mjini Ayaviri, mbele ya kanisa, kila Jumapili ya soko. Watu wanadhani kazi ilikuwa yangu. Nusu ilikuwa ya Hilaria.

Yeye ndiye aliyeteka maji. Picha ikitoka kwenye dawa lazima isuuzwe, tena na tena, maji yabadilishwe. La sivyo dawa inabaki ndani ya karatasi na kuila polepole. Haionekani siku hiyo. Haionekani hata mwaka huo.

Na jicho lilikuwa lake. Akiwa kwenye foleni ya bomba aliangalia watu. Akirudi na ndoo aliniambia, "Yule wa kofia ya kahawia, usimwambie asimame wima. Mpige picha anavyomlisha punda mkate." Mimi nilitaka watu wanyooke kama askari. Yeye alitaka mtu alivyo siku ya Jumatano, akiwa kwenye shughuli zake. Picha zangu zenye uhai zote ni za Jumatano, ingawa nilizipiga Jumapili.

Mwezi wa nane alikuja Gumercinda, muuza jibini. Tunajuana tangu ujana. Alikaa kwenye ngozi ya kondoo mlangoni, akatoa kitambaa kifuani, na ndani ya kitambaa picha. Mwanawe Nicanor, miaka kumi na tisa, kavaa kofia, kashika baiskeli. Nicanor alifia kwenye machimbo ya dhahabu na mwili haukuletwa. Picha nyingine hana.

Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Baiskeli ipo. Uso unaondoka.

"Unamwona?" akaniuliza.

"Namwona kidogo."

"Mkwe wangu anasema kosa ni langu. Mwaka juzi sikukuu ya wafu nilikuwa mgonjwa, sikumwekea meza. Wala mkate, wala supu ya kondoo. Anasema Nicanor amekasirika, anajiondoa."

"Mkwe wako anasema mengi."

"Anasema, na picha inamsikiliza. Sasa naweka meza kila Jumatatu. Najinyima mimi, namwekea yeye. Bado anaondoka."

Niliangalia mikono yake. Mifupa mitupu. Kisha nikaangalia picha. Nyuma ya Nicanor kuna chemchemi ya kujengwa ya uwanjani, na watoto watatu wameketi ndani yake, pakavu. Nikaujua mwaka.

Mwaka ule wa ukame bomba lilitoa maji saa moja tu, alfajiri. Hilaria alitaka kwenda mtoni na punda. Watu walikuwa wamesimama wananisubiri.

"Ndoo moja inatosha," nilimwambia.

"Kwa Jumapili nzima? Mpaka adhuhuri yatakuwa dawa tupu hayo."

"Zikikauka zinaondoka na wenyewe. Nani atajua?"

Aliniangalia, akachukua ndoo moja. Miezi mitano nilisuuza hivyo.

Nilimwambia Gumercinda arudi kesho. Nikaenda kwa Baltazar, mng'arisha viatu, tuliyekaa naye bega kwa bega pale uwanjani. Nilimweleza yote.

"Mwambie ni jua," akasema. "Jua linakula kila kitu. Hata nywele zangu limekula."

"Anaiweka kifuani, ndani ya kitambaa. Jua gani?"

"Basi ni jasho. Mzee mwenzangu, ukitaja maji, wote wa mwaka ule watakuja na vipande vyao. Umefiwa juzi tu. Jionee huruma."

"Anajinyima chakula, Baltazar."

Alipiga brashi kwenye kisanduku chake. "Kumbe umeshaamua. Mimi unanisumbua nini?"

Kesho yake sikuzunguka. "Mama Gumercinda, si Nicanor. Si meza. Ni mimi. Sikuisuuza."

Alikunja kitambaa juu ya picha.

"Ulijua?"

"Hilaria aliniambia."

"Sijamuuliza Hilaria. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Naye alijua. Miaka yote hiyo anakula jibini langu, ananiuliza hali ya Nicanor wangu kwenye kitambaa, na hasemi."

"Alinifichia mimi."

"Alikufichia," akasema. Hilo liliniumiza kuliko mengine. Hilaria hakuwa na deni na mtu, na sasa nilikuwa nimemtia kwenye kosa langu akiwa kaburini.

Gumercinda akasimama. "Toa sanduku."

Nililitoa. Karatasi zilikuwa zimebaki, dawa pia, kwenye makopo. Maji aliteka yeye. Alinikataza kugusa ndoo.

Kwenye sanduku letu, picha ya kwanza hutoka kinyume, nyeusi penye nyeupe. Hiyo unaibandika kwenye kibao mbele ya jicho la sanduku, unaipiga tena, ndipo mtu anatoka. Safari hii niliibandika ya Nicanor kwanza. Nikatia mkono kwenye shati la giza, ule mkono wa nguo nyeusi wa kusafishia picha ndani ya sanduku, nikangoja.

Kofia ikaja. Baiskeli ikaja. Watoto wa chemchemi wakaja. Uso haukuja. Lilikuja sikio moja na ukingo wa shavu. Nikapiga tena adhuhuri, jua kali zaidi. Sikio tu.

"Kilichoondoka siwezi kukirudisha," nikamwambia. "Naweza kukizuia kilichobaki."

Aliisogeza karibu na macho.

"Sikio la baba yake hili," akasema. "Nilikuwa nalicheka."

Alisuuza mwenyewe, mara tisa, kila mara maji mapya. Nilihesabu. Hakunishukuru na sikungoja shukrani. Mlangoni akageuka.

"Leo nitakula. Na Jumapili nitasema sokoni, kabla picha za wenzangu hazijaisha."

"Sema."

Alisema. Jumapili ile ile wakaja kumi na mmoja, na aliyenisalimia hakuna. Walifungua vitambaa, vitabu vya sala, kopo la biskuti. Harusi, mtoto na mbwa wake, wanawake wawili wanagombea kikapu. Zote zilikuwa za Jumatano, na zote Hilaria ndiye aliyeniambia nipige. Niliwaambia kila mmoja kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu, si la mke wangu. Sijui kama walisadiki.

Tisa nilizipiga upya. Nyingine kichwa kilikuwepo, nyingine mikono tu.

Mbili hazikuwa na kitu. Moja mwenyewe aliikunja akaenda zake. Ya pili ilikuwa ya mzee wa kijiji cha Umachiri.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Mke wangu. Hapa alikuwa anacheka."

"Imekwisha, baba. Hakuna cha kupiga."

Hakunitukana. Alisogea kando, akasimama na karatasi yake mpaka jioni, akiangalia za wengine zikisuuzwa.