Baba Aliyekataa Kwanza

Mjini Cyangugu husimuliwa kwamba mzazi mmoja wa chuo chetu alimfukuza Mzungu kwenye skrini. Wanaosimulia hivyo hawakuwamo chumbani. Mimi nilikuwamo, nimeketi kati ya skrini na mzazi huyo, na hakuna aliyefukuzwa.

Chuo chetu cha wanawake, kilicho mlimani juu ya ziwa, kina ushirikiano na chuo cha wanawake cha ng'ambo. Kila mwaka msichana mmoja huenda kusoma huko, lakini kabla ya kupokewa, mama anayesimamia shughuli za kimataifa za chuo hicho huzungumza na mzazi wake kwa video. Yeye husema Kifaransa, na mimi, mwalimu mstaafu, hutafsiri. Nilikubali kazi hiyo kwa sharti moja: natafsiri yaliyosemwa, siongezi, sipunguzi, wala sikisii mtu alikusudia nini.

Aliyechaguliwa mwaka huo alikuwa binti kutoka Gitambi, mwerevu na mkimya. Baba yake alilelewa Bukavu, upande wa pili wa mpaka, akarejea Rwanda na familia yake, na hadi leo huvuka mpaka kuuza maharagwe. Alifika amevaa koti lake la harusini, amekaza tai. Niliona. Lakini koti halisemi neno, na mimi hutafsiri maneno.

Ofisi ilikuwa ndogo, dirisha lake lina nondo, na mlango tuliufunga kwa sababu mvua ilikuwa ikipiga mabati. Binti alikaa pembeni. Yule mama wa ng'ambo alitusalimu, akasema: "Tunaomba binti yako aje akae nasi mwaka mmoja."

Nilitafsiri. Baba alikohoa kidogo, akaegemea nyuma.

"Umwambie ule maman, miye sina mutoto wa kutoa. Kwangu hakuna binti."

Hapo ndipo nilipoelewa koti lile. Kwetu, siku wageni wanapokuja kuomba msichana, msemaji wa upande wake hukana kwanza. Hudai kwamba msichana hayupo, au kwamba amekwisha kwenda utawani. Wageni husihi, hutania, husihi tena, naye hulegea polepole. Baba anayekubali ombi la kwanza huonekana amemtupa mwanawe.

Nilijua hayo yote. Hata hivyo, yaliyosemwa yalikuwa "hakuna binti", nami nikayatafsiri.

Yule mama alivua miwani. "Tunaheshimu uamuzi wa familia," alisema kwa upole.

Baba alipokea tafsiri hiyo, akangoja. Alikuwa amemaliza zamu yake. Sasa ilikuwa zamu ya wageni. Ombi la pili lisipokuja, aliniinamia.

"Mzee, mbona haombi?"

"Hajasema zaidi, Papa."

"Basi umwambie aombe."

"Hilo ni lako kusema. Ukilisema, nitalitafsiri."

"Miye baba, nimwambie muntu aniombe? Unaniona muntu wa namna gani?"

Binti alikuwa akitazama sakafu. Kifaransa alikijua kutuzidi sote, lakini siku ya kuombwa, binti hafungui kinywa mbele ya baba yake. Mwaka wake wa masomo ulikuwa ukimpita mbele ya macho, na hakuna kati yetu aliyeweza kuunyooshea mkono.

Nilimwambia yule mama kwamba sasa nasema kwa niaba yangu mwenyewe, si kama mtafsiri, nikamweleza desturi yetu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huenda ni kweli, Bwana. Lakini hiyo ni fasiri yako. Neno lililotoka kwa mzazi ni kukataa, na sina ruhusa ya kumsihi mzazi aliyekataa."

Sikuweza kumlaumu. Katika kiti chake ningesema hivyo hivyo.

Kisha akaongeza kwamba binti ni mtu mzima. Angeweza kumsikiliza, iwapo tu angebaki peke yake chumbani.

"Peke yake?" baba aliuliza. "Mutoto iko na mudomo gani wa kusema nyuma yangu? Na nikibaki?"

Nilimuuliza yule mama. "Anasema atafunga mazungumzo."

Alimtazama binti yake. Binti akainua uso kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Baba alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoka. Nikamfuata.

Baraza ilikuwa nyembamba, na mvua ilitubana ukutani. Kupitia mlango tulisikia sauti ya binti, lakini si maneno.

"Anasema nini?"

"Sisikii."

"Kisia basi, Mzee!"

"Sikisii."

"Weye! Mbuzi ikilia, utangoja kwanza ikuletee cheti kama ni mbuzi."

Mlango ulifunguliwa. Binti alisimama kizingitini, mikono yake ikishikana.

"Wamenipokea, Papa. Nitaenda."

Baba hakutabasamu. "Alikuomba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na weye ukasema ndiyo. Palepale."

"Ndiyo, Papa."

"Mara moja tu," alisema, akageuza uso kuelekea mvuani. Binti alisogea akasimama kando yake, mimi upande wa pili, na kwa kuwa njia ya kushuka barabarani ilikuwa imegeuka mto, tulibaki pale sote watatu, bila mmoja wetu kuweza kuondoka.