Siku Ifan Alipoonyeshwa Kanisani

Hebu mpige picha kichwani Nesta Pritchard akishuka basi la asubuhi hapa Nefyn, kijiji chetu cha pwani ya Wales, mvua ya Machi ikimchapa usoni, mkono mmoja umebeba projekta ya kuazima, wa pili umekumbatia makopo mawili bapa ya filamu. Dereva akataka kumsaidia.

"Usiguse," akamwambia. "Humu yumo baba yangu."

Hakuwa anatania. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watengeneza filamu waliwachukua mabaharia wa kweli wa meli za mizigo, wakawapakia kwenye mashua ya kuokolea, wakawaambia waigize kwamba meli yao imezamishwa. Ifan, babake Nesta, alikuwa mmoja wao. Miezi saba baadaye meli yake ikazamishwa kweli, asirudi. Nesta alikuwa na miaka miwili.

Filamu ilipoonyeshwa katika sinema ya mji jirani wa Pwllheli, kijiji kizima kilikwenda, isipokuwa mjane wa Ifan, Bi Lowri, mamake Nesta. Tangu usichana alimwahidi Mungu kwamba hatatia mguu katika jumba la sinema, na watu wa kanisa letu wa umri wake hawakuwa na mzaha na ahadi. Sasa ana miaka sabini na mmoja, jicho moja limeshazimika, na daktari amesema la pili halitafika Krismasi.

"Kama Mama haendi sinema," Nesta akatuambia, "sinema itamfuata kanisani."

Mzee wa kanisa, Tegid, akamzibia mlango wa ukumbi wa shule ya Jumapili.

"Binti, humu tunafundisha Biblia."

"Na Mtume Paulo hakuvunjikiwa na meli?"

"Paulo hakupigwa picha!"

"Hakukuwa na mpiga picha. Mzee Tegid, hili dude zito. Ama unipishe, ama unishikie."

Tegid akajikuta ameshika.

Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka juu ya ramani ya safari za Paulo. Bi Lowri akaketi mbele kabisa, pua karibu iguse shuka, kofia ya Jumapili kichwani. Mashua ikatokea, imejaa wanaume wenye ndevu, ikipanda na kushuka.

"Yule pale!" Bi Lowri akasema. "Anayepiga kasia amejikunja. Mgongo ulimsumbua. Jamani, alivyokonda! Hawakumlisha hao?"

"Wanaigiza, Mama."

"Kukonda hakuigizwi."

Tukacheka, hata Tegid. Kisha nahodha akamimina kitu kutoka kwenye chupa, kikombe kikapita mkono kwa mkono. Ifan akapokea, akanywa, akafumba macho kwa raha, akalamba midomo.

Sote tukamgeukia mjane wake. Bi Lowri alikubali kuolewa na Ifan kwa sharti moja: atie sahihi kadi ya kanisa kwamba hatagusa kileo hadi kaburini. Na alitia.

"Nesta," akaita polepole. "Ile ni chai, sivyo?"

Nesta alikuwa amemtembelea baharia mmoja aliyekaa ndani ya mashua ile ile. Baharia huyo alimweleza kwamba baridi ilikuwa kali mno, kwa hiyo walipewa pombe kali, ramu halisi, na Ifan ndiye aliyeomba kipande hicho kirudiwe mara tatu.

"Nijibu, mwanangu," Bi Lowri akasema, jicho lake moja likimkazia. "Sikuja hapa kudanganywa."

Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?