Bando la Meseji Tupu

Fundi cherehani wetu alikuwa na mkono wa birika, na kwa mambo ya intaneti ndiyo usiseme. Watu wakambatiza Mama Bando, naye akafurahia jina. Hakuna ofa asiyoijua: ya alfajiri, ya wanafunzi, ya laini mpya. Laini zenyewe alizihifadhi kwenye kopo la vifungo. Kiti chake alikisogeza hadi kwenye ukuta wa duka la dawa, eti upande ule una mwanga, kumbe anadaka Wi-Fi yao. Walipobadilisha nywila akanuna, kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa!

Yote hayo, alisema, ni kwa ajili ya binti yake. Mmoja tu Mungu alimpa, akaolewa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na mume mwenyewe mwepesi wa kuinua mkono. Siku ya kumsindikiza alimshika mabega. "Mwanangu, siku ukichoka niambie tu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe." Binti alilia, akaamini.

Ndipo fundi akagundua bando la meseji tupu. Rahisi ajabu! Maandishi yanapita, picha na sauti zinabaki na kamshale kanakozunguka bila kufika popote. "Sauti za nini?" alimwambia msusi wa kibanda jirani. "Mwenye vidole aandike." Simu ya kawaida ndiyo kabisa aliipiga marufuku. Binti akipiga, anakata, kisha anamwandikia asichome vocha.

Binti akawa anaandika: amekula, amelala, mume karudi kazini. Mara akaacha kuandika, akaanza kutuma sauti. Fundi akapanda hasira. "Ona uvivu huu! Kaolewa, kawa bibi mkubwa, hata kuandika hataki." Akamjibu: Andika, sauti zinakula bando. Ikaja sauti nyingine. Akamtumia dole gumba, lile analowatumia wateja wasumbufu, maana yake nimeona, niache nifanye kazi. Kisha akarudi kwenye pindo la gauni.

Baadaye msusi aliingiza Wi-Fi kwa ajili ya wateja wake. Fundi akamshonea mapazia, akapewa nywila. Basi, furaha gani ile! Aliketi katikati ya wanawake waliosukwa nusu kichwa, na simu yake ikaanza kulia mfululizo. Vimshale vyote vikafunguka.

"Ngojeni mumsikie huyu binti yangu mvivu," akasema, akaongeza sauti hadi mwisho.

"Mama, siwezi kuandika. Mkono wa kulia umefungwa, amenivunja. Wa kushoto vidole vimevimba. Nimechoka, mama. Njoo unichukue."

Msusi aliachia msuko. Fundi alihangaika kuizima simu, kidole kikagusa iliyofuata.

"Unaniambia niandike, mama, nami siwezi. Yuko njiani anarudi. Nakuuliza moja tu, kwa maana nitakalofanya ni lile utakalosema. Nivumilie?"

Chini yake palikuwa na dole gumba.

Sauti ya mwisho ilikuwa fupi, na binti hakuwa analia tena. "Sawa, mama. Nimekuelewa. Sitakusumbua."

"Sikusikia!" fundi alipiga kelele. "Jamani, sikusikia mimi! Ilikuwa haifunguki!" Akawageukia mmoja mmoja, na kila aliyemtazama akainamisha uso. Hakuna aliyemwambia pole. Ungemwambia pole ya nini?

"Piga," msusi alisema, akimsukumizia simu yake yenye salio. "Piga ya kawaida, sasa hivi."

Akapiga. Iliita kwa muda mrefu, kisha mkwe akapokea. Fundi akajitaja, naye mkwe akaitika kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe mwanangu."

"Amepumzika. Simu yake ninayo mimi sasa, maana ilikuwa inamtia maneno."

"Nimekuambia nipe mwanangu!"

"Mbona unafoka, mama? Sisi hatuna ugomvi nawe. Alitaka kuondoka, mabegi keshafunga, lilipoingia jibu lako akayafungua mwenyewe." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye shukrani. "Wazazi wengine wangemharibu. Wewe ulimwambia avumilie."