Siku Niliyomwita Fundi Omuse Mwizi, Naye Yuko Juu ya Tangi Langu

Naomba nianze kwa kukiri: aibu niliyoipata Alhamisi ile, Malaba nzima inaijua, kwa hivyo bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusikia kwa wauza chapati wa pale barabarani, ambao wameongeza chumvi hadi mkasa wangu siutambui tena.

Mnajua nina loji ya vyumba kumi na viwili, na wateja wangu ni madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Uganda. Mnajua pia ni mimi niliyeanzisha kile kikundi cha simu cha kusifu na kuonya kuhusu mafundi, baada ya fundi mmoja wa kuchomelea kunitengenezea geti lisilofunguka hadi liinuliwe na wanaume wawili. Nikisema fundi fulani ni mzuri, kesho yake hana nafasi ya kunywa chai. Nikisema ni mbovu, anahamia Bungoma. Sitaficha, nilijiona jaji (hata sauti nilikuwa nayo ya jaji, mume wangu aliniambia).

Sasa Alhamisi hiyo foleni ya malori ilikuwa ndefu, vyumba vimejaa, na maji yakakataa kutoka. Nikamwita Omuse, fundi wa mabomba wa kule Moding. Alifika amechelewa saa nzima, simu yake imeisha chaji, lakini anatabasamu masikio kwa masikio, kwa sababu Mwalimu Barasa, katibu wa kamati ya shule moja hapa karibu, alikuwa amemuahidi kazi ya mabomba na matangi yote ya shule.

"Mama, hii ikiingia nawacha kuzungukazunguka na begi," akaniambia. "Hata bibi nimeshamwambia."

Nikampa koki mpya niliyokuwa nimenunua, nikamwacha bafu za nyuma akigongagonga mabomba, nikaenda zangu jikoni.

Hapo ndipo nilipojiloga. Natoka jikoni naona ngazi imeegemea mnara wa tangi, na chumba namba nne balbu ilikuwa imekufa tangu juzi. Nikaichukua. Sikuuliza, sikuita, sikuinua hata macho (ngazi ni yangu, nimuulize nani?). Nikabadilisha balbu, kisha nikaifungia ngazi stoo, maana hapa kwetu kitu cha chuma hakiachwi nje.

Nusu saa baadaye maji bado. Naenda bafuni, Omuse hayuko. Begi halipo. Koki haipo. Napiga simu, yule dada wa mtandao ananiambia mteja hapatikani. Na hapa mpakani simu ya mtu isipopatikana hatusemi chaji imeisha, tunasema amevuka, ametoa laini ya Kenya ameweka ya Uganda. Mimi niliyeiona ile simu imezima kwa macho yangu haya, nikasahau kabisa. Madereva wakanizunguka na taulo mabegani, na mmoja wa Eldoret akasema, "Mama, huyo saa hii ako Tororo anauza koki yako." Wakacheka, na kicheko chao kikanichoma.

Kikundi chetu kina sheria, na niliiandika mimi: usimseme fundi kabla hujaongea naye. Nikasimama katikati ya uwanja nikashikilia kitufe cha kurekodi sauti. "Ndugu zangu, huyu Omuse wa Moding mumwogope! Amechukua koki yangu mpya amevuka nayo Uganda! Ni mwizi, tena mwizi wa kuchekacheka! Shule, makanisa, msimpe kazi!" Madereva wakapiga makofi, nami nikapata nguvu, nikaendelea dakika mbili nzima, na nilipokuwa natafuta tusi la kumalizia, sauti ikatoka juu ya kichwa changu.

"Mama, mimi niko hapa. Leta ngazi."

Kidole kikaachia. Ujumbe ukaenda, pamoja na hiyo sauti yake.

Nikainua macho. Omuse amesimama juu ya mnara, kifua wazi, matope hadi kwenye nyusi, burashi mkononi, koki mfukoni, begi miguuni. Alikuwa ndani ya tangi akikwangua udongo ulioziba bomba, akatoka akakuta ngazi haiko, akaita hadi akachoka, maana mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma na ndiyo kwanza ilikuwa imezimwa. Dereva mmoja alicheka hadi akaketi chini. Mimi nikakimbilia kuufuta ujumbe, nikakuta Mwalimu Barasa, ambaye naye yumo kikundini, ameshajibu: "Asante mama kwa kutuonya. Hiyo kazi tutatafuta mtu mwingine." Hakuwa amesikiliza hadi mwisho.

Nikamletea ngazi, Omuse akashuka, akasoma lile jibu akichungulia juu ya bega langu. Hakunitukana. Alikaa kwenye ndoo akasema tu, "Na bibi nimeshamwambia." Hapo nililia, jamani, mbele ya madereva na taulo zao.

Lakini mimi si mtu wa kujificha. Nikasimamisha boda, tukapanda wote wawili, yeye na matope yake, hadi shuleni, nikaingia kwenye kikao cha kamati bila kubisha na nikaeleza yote, ngazi, balbu, kila kitu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Mama Nafula, saa ile umesema mwizi, saa hii unasema malaika. Sasa sisi tuamini gani?"

Omuse ndiye aliyejibu: "Mzee, msimwamini yeye. Kujeni muone tangi."

Wakaja, Omuse akaweka ile koki mpya na kufungulia maji tangini. Mwalimu akapanda mwenyewe na suti yake, akamulika ndani, akashuka akafungua koki, maji yakamrukia hadi kwenye tai. "Jumatatu saa mbili, Omuse," akasema. "Na usichelewe." Mimi hakunisemesha.

Nikaandika kikundini kwamba Omuse ndiye fundi bora katika mpaka wote huu, hana kasoro hata moja, nikamwonyesha kabla ya kutuma. Akatikisa kichwa.

"Futa hiyo, mama. Asubuhi umeniongezea chumvi, sasa unaniongezea tena. Andika tu kile nimefanya."

Basi nikaandika: "Omuse ameosha tangi na kuweka koki, maji yanatoka kwa nguvu. Alichelewa saa moja. Nilimwita mwizi, na nilidanganya." Akasoma polepole, akasema sawa, akaenda zake. Tangu hapo nimeapa sitatuma neno lolote juu ya fundi kabla hajalisoma mwenyewe mbele yangu, kwa sababu sasa najua uso wa mtu unavyokuwa akisoma uongo wangu.