Wimbo wa Noeli Uliotoka Kwenye Ulezi

Mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, baba yetu alikufa na shida ikaingia ndani. Shamba wakalichukua ndugu zake. Mama akawa anapura ulezi wa watu ili tule. Sioni haya kulisema. Shule niliishia darasa la tatu, hapohapo.

Wanawake walipura kwa fimbo, wamejipanga pande mbili wanatazamana. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliimba mstari, akanyamaza, fimbo zikashuka pamoja, puu, akaendelea. Katekista wa kigango chetu alizoea kupita pale. Akamwomba mama wimbo mmoja, akautia maneno ya kuzaliwa kwa Mtoto Yesu, na Noeli ile tukauimba kanisani kwa Kifipa. Penye kunyamaza tulipiga mguu chini. Ndiyo historia yake yote.

Siku hizi unaimbwa kila Noeli hapa Sumbawanga mjini, kwa kinanda. Mwaka juzi mwalimu wa kwaya, kijana mwenye heshima zake, alitangaza kabla ya misa kwamba uliletwa na mapadre kutoka Ulaya. Mwaka jana, Noeli ilipokaribia, nikamfuata kwenye mazoezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ule wimbo ni wa marehemu mama yangu."

Nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Na ule wa Pasaka ni wa bibi yako?"

Mwalimu akawanyamazisha. "Mzee, mimi nakuamini. Ila nikitangaza nitaulizwa. Yuko mwingine anayejua?"

Yuko. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mwimbi. Yeye alishika fimbo kabisa, akapura pamoja na mama. Nikaenda kumchukua mwenyewe. Ndani ya basi tulicheka sana, hata akaniimbia kidogo.

Mbele ya kwaya mwalimu akamuuliza. Dada akajifunga kitenge upya. Mke wa mwanawe alikuwa amesimama palepale, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

"Huo ni wimbo wa Kanisa," akasema. "Mama yetu hakuwahi kupura ulezi wa watu. Tulikuwa na shamba letu."

"Dada!"

"Nyamaza wewe."

Nje nikamwambia, "Umemfuta mama."

"Nimemsitiri. Wewe ile njaa umeifanya nishani, unatembea nayo kifuani. Mimi wanangu nimewaambia tulikuwa na ng'ombe. Leo nikawaambie nilidanganya?"

 

Noeli ilipofika mwalimu akatangaza vilevile, mapadre na Ulaya. Penye kunyamaza, kinanda kikapajaza. Mkwewe dada alikuwa kwenye kwaya, na dada benchi la mbele, anaimba kwa sauti kubwa. Mimi sikuimba.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu. Nina mashine ya kusaga, ng'ombe sita, shamba la mahindi na la ulezi, vyote kwa mikono yangu. Na nina dada mmoja, ambaye tangu siku ile hajapokea simu yangu.