Mkanda wa Kifua wa Ami

Mimi ni mtu wa kero, na nasema mapema nisije nikasingiziwa baadaye. Siku za kazi nashinda Changamwe kwenye ofisi ya makontena, nakagua makaratasi ya watu nikitafuta makosa. Jumamosi nakwenda kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege, na huko pia nakagua watu nikitafuta makosa. Wenzangu wananitania kwamba mimi ni karani hadi angani. Wakiniona naja huku nimetanguliza mikono, wanainua mabega na kujikaza kama watu wanaopimwa na fundi cherehani. Sijali. Navuta kila mkanda mara mbili, nazunguka mgongoni, nafunua kifuniko cha mkoba nitazame pini inayozuia mwavuli usifunguke kabla ya wakati, nafunika, napiga bega, namwambia mtu aende zake.

Aliyenifundisha haya yote ni ami yangu, mdogo wake baba. Aliruka jeshini ujana wake wote, akastaafu, akarudi Bofu kwenye nyumba ya ukoo, na kila mtu akadhani sasa atatulia afungue duka. Wapi! Alianza kushika njia ya kusini kila wiki mpaka kwenye kiwanja kidogo cha ndege ambako warukaji hukusanyika. Nilimfuata mara moja nikatazame tu. Mara ya pili nilikuwa nimevaa mikanda, na ushungi nimeuchomeka vizuri ndani ya kofia ngumu. Baba alininunia miezi mitatu.

Mke wa Ami alinuna zaidi, kwa sababu alitarajia nimsaidie kumtoa mumewe huko, nami nikaenda kumwongezea mtu wa pili wa kumwombea dua. Hajawahi kutia mguu kiwanjani. Mkoba wa mwavuli ukiwa umewekwa ukumbini, hupita mbali nao kana kwamba ndani mna nyoka. Jumamosi hawashi jiko mpaka Ami apige simu aseme neno moja, "Nimeshuka." Hapo ndipo anakuna nazi.

Lakini mazoezi yenyewe tunafanyia nyumbani kwake, naye huvumilia. Kwenye boriti ya baraza la nyuma Ami amening'iniza mikanda ya zamani, isiyo na mwavuli. Unajifunga, miguu inaacha sakafu, unabembea kama mbuzi buchani. Ami anasimama mbele yako, anapiga kelele ghafla, "Umesokoteka!" Maana yake mwavuli wako mkuu umeharibika. Hapo unatazama kishikio chekundu upande wa kulia, unakishika, unakivuta ili kuutupa ule mbovu. Halafu unatazama cha fedha upande wa kushoto, unakivuta, ili wa akiba ufunguke. Tazama, shika, vuta. Nimeshafanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyokunja chapati, na bado kila mwezi ananipandisha tena. Jirani mmoja aliwahi kuchungulia juu ya ukuta akauliza nimefanya kosa gani mpaka natundikwa.

Ami ana mwavuli mkubwa, mtindo wa zamani kidogo, mpana na mpole. Vijana wanauita shuka la hoteli. Siku hizi watu wakisharuka mara mia mbili tatu wanataka miavuli midogo, inayokata upepo na kutua kwa kasi, watu wapige picha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuutamani mmoja, nikawa nautaja kila tukikaa. Ami hakunikataza hata siku moja. Aliuliza tu, "Ukiutua penye minazi utautua wapi?" Nikaendelea na wangu wa kadiri.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia alikuja mrukaji mmoja kutoka Nairobi. Aliteremka garimoshi Miritini jana yake, akalala kwa rafiki yake, asubuhi akavuka Likoni akaja nasi. Alikuwa na mkoba mpya kabisa na mwavuli mdogo ajabu ndani yake. Alikuwa amesharuka sana, hilo lilionekana hata kwenye namna alivyobeba vitu vyake. Ila ulimi wake haukupumzika.

"Mzee, hii ni moto," alimwambia Ami. "Ukipanda hii, hilo shuka lako utamwachia kuku alalie."

Ami alicheka kweli. Anapenda watu wanaojua kazi hata wakiwa na maneno mengi. Walikaa wakibishana asubuhi nzima, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya. Wingu lilikuwa limetanda chini, na rubani alikataa kupaa. Tulikuwa tumeshavaa, tukavua nusu, tukavaa tena, tukavua. Joto la kiwanja kile likikukamata ndani ya suti ya kurukia unahisi unapikwa kwa mvuke. Adhuhuri ikaingia. Ami akavua mkoba wote, akautandika kivulini, akaenda kuswali.

Aliporudi aliuvaa tena. Nilimwona. Akafunga mkanda wa paja la kulia, akafunga wa kushoto, akashika ncha ya mkanda wa kifua. Mkanda huu ni mwembamba, unapita kwenye bizimu, unarudi juu yake unabanwa. Ukitazama haraka unaona kama kitu kidogo. Lakini huo ndio unaozuia mikanda ya mabega isifunuke kama koti. Mwavuli ukifunguka juu kwa nguvu na huo haujafungwa, mtu anachomoka. Mkoba na mwavuli vinabaki angani, yeye anakwenda peke yake.

Wakati huohuo mgeni akamwita. "Mzee, hebu cheki hapa kwenye simu picha ya kamba zangu za breki, niambie kama nimezifupisha sana." Na Ami, ambaye hajui kumwacha mtu aliyeuliza swali, akauchomeka ule mkanda ubavuni chini ya mkanda wa bega ili usimsumbue, akainama kutazama simu. Hapo hapo rubani akapiga mluzi. Wingu lilikuwa limepasuka. Tukaambiwa upesi, upesi, kabla halijajifunga.

Nikafanya kazi yangu mlangoni. Nikamkagua wa kwanza, nikamkagua wa pili, nikamkagua mgeni, naye akasema, "Madam, we ni polisi?" nikamgeuza kwa bega nitazame pini yake. Kisha Ami akasimama mbele yangu.

Nikashusha mikono.

Sikuwahi kumkagua Ami. Lazima niliseme wazi, maana ndilo kosa langu na nimelibeba. Miaka kumi na mmoja nilikuwa navuta mikanda ya kila mtu, Wazungu kwa Waafrika, wakubwa kwa wadogo, nikijisifu moyoni kwamba hakuna anayenipita bila kuguswa. Lakini huyu ni mdogo wake baba. Ndiye aliyenionyesha pini ni nini. Nimsimamishe mbele ya wageni nimkung'ute kifua kama kondakta anayetafuta nauli? Haikuniingia akilini. Nilimpangusa tu vumbi begani nikasema, "Uko sawa, Ami?" Akasema, "Niko sawa tangu hujazaliwa," tukapanda.

Ndani ya ndege ile tunakaa sakafuni, kila mtu katikati ya miguu ya aliye nyuma yake, tumeelekea nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya Ami. Niliuona mkoba wake, nikaona kwa macho yangu kifuniko cha pini kimelala sawa, nikaridhika kabisa. Tulipofika juu mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia na kelele zake, na Ami akasogea kwa magoti mpaka ukingoni, akatoa kichwa nje atazame kiwanja kiko wapi. Ndivyo afanyavyo siku zote. Akiridhika anageuka, anainua dole gumba, anatoka.

Akageuka. Nikaona kitu kinapigapiga mkono wake wa kushoto. Kwanza nilidhani ni ncha tu ya mkanda iliyotoka kwenye mpira unaoibana, jambo dogo linalotokea. Halafu macho yakashuka kwenye bizimu, nikaiona tupu. Nilikuwa naona suti yake na mwanga unapita pale.

Dole gumba lilikuwa limeshainuka.

Sikupiga kelele, upepo ungezila. Sikufikiri habari ya heshima wala ya haya. Nilimrukia, nikakamata mkanda wa begani kwake kwa mikono miwili nikajitupa nyuma. Ami ni mtu mzito. Aliniangukia mapajani, mkoba ukanigonga mdomo, nikaonja damu. Alinigeukia na macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Mrukaji havutwi akiwa mlangoni, ni hatari na ni tusi. Alikuwa anafoka lakini sikusikia neno. Nikachukua mkono wake nikaupeleka kifuani mwake.

Aligusa. Akatazama chini.

Akaanza kuufunga, na vidole vyake, vidole vinavyokunja mwavuli huku anahadithia, vikashindwa kulipata tundu la bizimu. Nilimfungia mimi. Alipoona umeshafungwa akaelekeza kidole mlangoni: basi, twende. Nikatikisa kichwa. Mtu aliyeshtuka vile hukosea tena, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikamwashiria rubani ateremke nasi, mlango ukafungwa.

Kwa sisi warukaji kushuka na ndege ni aibu kidogo, na mgeni alianza kuuliza kwa ishara kulikoni. Ami akainua ule mkanda akamwonyesha, akaigiza namna ulivyokuwa. Yule kijana aliyeshinda akisema tangu asubuhi alifunika uso kwa viganja na hakuvitoa mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Nilipokanyaga nyasi niliketi palepale, nikacheka, nikalia, nikacheka tena, damu mdomoni na ushungi umekwenda upande. Alhamdulillahi ilinitoka mara ngapi sijui. Kila nikimtazama Ami anatembea, ana mikono miwili, ana kivuli chake, naanza upya. Sijawahi kufurahi vile siku yoyote niliyoruka.

Alikuja akachutama mbele yangu. Nilikuwa tayari kugombezwa kwa kumvuta.

"Mbona hukunikagua kule chini?" aliuliza.

"Naliona haya, Ami."

"Haya zako zingenizika leo, mwanangu." Kisha akasema taratibu, "Na kiburi changu kingezisaidia. Wallahi, nimewaona wengine wakisahau vivi hivi, nikasema mimi si wao."

Akatoa simu, akampigia mkewe. Akasema, "Nimeshuka." Akakata, akaitazama simu kwa muda.

Njiani tukirudi nilijua anawaza nini, maana nami nilikuwa nawaza hilohilo: atamwambia au hatamwambia. Akimwambia, huenda mambo ya Jumamosi yameisha kwetu sote wawili. Asipomwambia, mwanamke yule ataendelea kukuna nazi kwa neno lisilo zima.

Tulifika Bofu alasiri. Wali ulikuwa tayari, na samaki wa kupaka. Tukanawa, tukakaa. Mke wa Ami alitazama mdomo wangu uliovimba, akamtazama mumewe, akangoja. Ami alikula matonge mawili. La tatu akalirudisha kwenye sinia, akamwambia yote. Hakujipunguzia. Alisema, "Nilisahau kujifunga, na huyu akanivuta mlangoni." Alimweleza hata kwamba nilishusha mikono, jambo ambalo ningefurahi aliache.

Mke wa Ami hakupiga ukemi kama nilivyohofia. Machozi yalimshuka akaacha yashuke. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, mara moja, akajifuta kwa ncha ya leso. Nilijua sasa anakuja kwangu, na nilidhani ni shukrani, nikainamisha macho kwa adabu nizipokee.

"Na weye?" akaniuliza. "Nani akukagua weye?"

Nikapitisha wenzangu kichwani mmoja mmoja. Mimi ndiye ninayesimama mlangoni, mimi ndiye wa mwisho kupanda, na nikishamaliza wote ndege huwa imeshaanza kunguruma. Mgongo wangu sijui nani aliutazama mara ya mwisho. Nilimwangalia Ami anisaidie, naye alikuwa anatazama sinia.

"Hakuna, Mama," nikasema.

Aliinuka. Akanawa mikono, akaikausha vizuri, akasimama katikati ya ukumbi. "Ndoo hapa," akaniita kwa mkono. "Nionyesha panapokaguliwa."

"Mkoba uko nje, nikaulete?"

"Siutaki. Nionyesha mwilini."

Nikasimama mbele yake na dera langu la nyumbani. Nikamwonyesha kifuani, akaweka kiganja, akabonyeza, akauliza unavutwa mara ngapi. Nikamwambia mbili, akavuta mkanda usiokuwapo mara mbili. Nikamwonyesha mapaja, kulia na kushoto, kishikio chekundu mahali pake, cha fedha mahali pake. Akarudia kila pahali kwa mkono wake na kwa jina, akikosea nikimsahihisha, akianza tena tangu mwanzo. Halafu nikamwambia kwamba palipobaki ni mgongoni, kwenye pini, ndipo pahali ambapo mtu hawezi kujitazama mwenyewe.

Nikageuka nimpe mgongo, nikamkuta Ami amesimama nyuma yangu. Alikuwa amenawa mikono, amefunga vifungo vyote vya shati, anangoja zamu yake ya kukaguliwa.